Mtoto Aliyekwama Kusoma: Jinsi ya Kumsaidia kwa Programu, Hatua kwa Hatua

Kuna mtoto anayefika darasa la nne akiwa hodari wa kuigiza kusoma. Anashika kitabu, macho yanafuata mstari, midomo inacheza, na ukurasa mzima anautoa bila kosa kwa sababu jana aliwasikia wenzake wakiusoma. Mfungulie ukurasa ambao hajausikia, ananyamaza. Nimefundisha watoto wa namna hii, na kinachowazuia wengi wao si uvivu wala kichwa kizito. Ni aibu. Umri wa kuimba "ba be bi bo bu" mbele ya wenzake umeshampita, na bado hicho ndicho anachokihitaji, tena mara mia.

Hapo ndipo programu ya kwenye simu au kishikwambi inaponifaa. Haichoki, haikunji uso, haicheki. Mtoto akikosea silabi moja mara kumi na mbili, inamtamkia mara ya kumi na tatu kwa sauti ileile. Ila kujua amekwama wapi, kumwona anapoanza kubahatisha, kumsikiliza anaposoma: hayo yanabaki kwako wewe mwalimu, mzazi au dada mkubwa uliyeketi pembeni yake.

1. Macho na masikio kwanza

Kabla ya lolote, hakikisha anaona na anasikia. Anayesogeza kitabu puani, anayegeuza shingo upande mmoja ukimwita, au anayekujibu vizuri tu pale anapokuona midomo, apelekwe akapimwe. Programu za kusoma zimejengwa juu ya sauti. Mtoto asiyesikia tofauti ya *f* na *v* ataonekana mzembe mwaka mzima.

2. Tafuta alipokwama, kwa karatasi

Usiwashe kifaa bado. Chukua karatasi na kalamu, kaeni wawili mahali penye utulivu. Robo saa inatosha.

Anza na sikio, bila maandishi. Mwambie apige makofi kufuata silabi za neno *kibiriti*, yawe manne. Muulize: ukitoa *sa* kwenye *samaki*, kinabaki nini? Muulize tena: *mama*, *meza* na *kuku*, lipi halianzi kama mengine? Mtoto asiyeyaweza haya hatafaidika na mchezo wa herufi, kwa kuwa herufi ni alama ya sauti na yeye sauti yenyewe hajaikamata. Huyo muanzie kwenye michezo ya kusikiliza, na hiyo haihitaji kifaa chochote.

Kisha mwonyeshe herufi ndogo, zikiwa zimechanganywa. Ukizipanga kialfabeti atakuimbia tu. Baada ya herufi, silabi: nyepesi kwanza (*ka, mo, si, le, tu*), halafu zile za konsonanti zilizoshikana (*mba, nda, shi, nya, ng'o, kwe, chwa*). Watoto wengi ninaowapokea huwa wamekwama hapa kwenye kundi la pili. Darasani walifundishwa jedwali la silabi nyepesi, wakapigiwa makofi, kisha kitabu kikawaletea *nyumba* na *ng'ombe* kana kwamba hiyo ni hatua ndogo.

Halafu yaje maneno ya kubuni, kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Andika *tibuso, lomeki, dafimu, nyazegu*. Hayana maana, kwa hiyo hawezi kuyakumbuka wala kuyaotea kutoka kwenye picha. Mtoto akisoma *kitabu* na *shule* bila shida, kisha akaiona *lomeki* akasema "limau", huyo anatambua sura za maneno kama tunavyotambua nyuso za watu. Haunganishi sauti. Mjue mapema, maana ndiye atakayekudanganya kuliko wote.

Mwisho, mpe aya fupi ya sentensi tano au sita aisome, umuulize maswali mawili. Kisha wewe umsomee aya nyingine ya ugumu uleule, umuulize pia. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi: kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa, kutambua maneno na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kama anaelewa ulichomsomea ila haelewi alichosoma mwenyewe, shida iko kwenye kutambua maneno, na hapo programu inaweza kusaidia sana. Kama haelewi hata ulichomsomea, mchezo wa silabi hautamfikisha popote. Anahitaji hadithi, mazungumzo na msamiati.

Katika daftari andika makosa yenyewe, usiandike alama. "Amepata 12 kati ya 20" haikuambii kesho uanzie wapi. "Anachanganya *b* na *d*, anairuka *ny*, *ngoma* anaisoma *ng'oma*" inakuambia.

3. Chagua programu kwa masikio yako

Ipakue, vaa visikilizi, uicheze mwenyewe nusu saa kabla mtoto hajaiona. Najua nusu saa ya kugusa vibonzo inachosha, lakini ndiyo itakayokuokoa.

Sikiliza lugha ya sauti. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilichukua programu nzuri ya Kiingereza, yenye rangi na vinyago, nikaona herufi ni herufi. Baada ya wiki tatu mtoto mmoja akanisomea *meza* kama "miza". Alikuwa amefundishwa kwa uaminifu kabisa kwamba *e* huitwa "ii" na *i* huitwa "ai". Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili anahitaji irabu tano zenye sauti tano zisizobadilika, na huo ni urahisi mkubwa ambao hupaswi kuuvuruga. Programu ya Kiingereza pia itampotezea muda kwenye *q* na *x*, ambazo hatuna, na kwenye *c* peke yake, ilhali kwetu huja na *h* tu.

Sikiliza konsonanti zinavyotamkwa. *M* itamkwe "mmm" na *s* "sss". Ikisema "ema" na "esi", mtoto atajaribu kuunganisha "ema-a-ema-a" na hatafika *mama* kamwe.

Tazama inavyokata maneno. *Mtu* ni *m-tu*, lakini *mbuzi* ni *mbu-zi*. Nimeona programu zilizotafsiriwa haraka zikikata *m-bu-zi*, na mtoto akaanza kuandika hivyohivyo.

Hesabu chaguo. Mchezo unaompa picha mbili achague moja, asiyejua lolote atapata nusu. Chaguo nne zinampunguzia bahati hadi robo. Bora zaidi ni ile inayomtaka apange silabi mwenyewe au atamke. Kisha kosea makusudi, uone inafanya nini. Programu nzuri huirudisha ile sauti uliyokosea baada ya muda mfupi, tena na tena, mpaka uipate. Mbaya hupiga kengele na kusonga mbele.

Mengine ni ya kukagua haraka: ifanye kazi bila intaneti, isiwe na matangazo, na imtengenezee kila mtoto akaunti yake ili maendeleo ya mmoja yasichanganyike na ya mwingine.

Kwa anayetafuta pa kuanzia, programu za Kitkit School na onebillion zilishinda kwa pamoja shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019. Programu za fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili, kwa miezi 15, na watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga, Tanzania, na msimbo wa programu hizo uliachwa wazi kwa umma. GraphoGame, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini, ina mtindo tofauti: mtoto anasikia sauti, anachagua herufi au silabi yake haraka, na mchezo unajirekebisha kufuata makosa yake. Hii ina matoleo ya lugha nyingi, kwa hiyo hakikisha toleo unalopakua ni la lugha anayojifunza kusoma. Kwa hadithi, African Storybook na StoryWeaver zina vitabu vya bure vya Kiswahili unavyoweza kupakua na hata kuchapa.

4. Tayarisha kifaa

Pakua kila kitu mapema, kisha weka hali ya ndegeni ili ujumbe na simu visiingie katikati ya somo. Funga skrini kwenye programu moja: simu nyingi za Android zina kipengele cha kubandika skrini katika mipangilio ya usalama, na iPad ina kipengele kama hicho katika mipangilio ya ufikivu. Bila hivyo, dakika ya nne utamkuta kwenye kamera.

Visikilizi ni lazima mkiwa zaidi ya wawili chumbani. Chagua vinavyofunika sikio lote, visiwe vya kuchomeka. Vinazuia kelele na ni rahisi kuvifuta. Vinamkinga pia na ile aibu niliyoisema mwanzoni. Hakuna anayesikia kwamba mtoto wa miaka kumi anajifunza *ka*.

Maandishi yawe makubwa, yenye nafasi ya kutosha kati ya mistari. Usihangaike na fonti maalumu zinazouzwa kuwa ni za wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma. Utafiti haujaonyesha kwamba zinawafanya wasome vizuri zaidi. Nafasi na ukubwa vina maana zaidi ya umbo.

5. Kipindi chenyewe

Dakika 15 kwenye kioo, siku nne au tano kwa wiki. Dakika 15 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu kinachojengwa ni mazoea ya jicho na sikio, na mazoea hayapendi kurundikwa.

Kabla hajagusa, mwambie leo tunatafuta nini: "Leo ni *nya* na *ng'a*." Kundi moja tu. Kaa upande wake, si mbele yake, uone anachokiona.

Dakika tano za kwanza usiseme kitu. Tazama kidole. Anayejua husita kidogo kisha hugusa. Anayebahatisha hugusa haraka, akikosea hugusa cha pili, kisha cha tatu, bila uso kubadilika. Hao wa pili wanapenda sana programu, na ripoti zao hupendeza. Ukiona hivyo, weka mkono wako taratibu juu ya kioo: "Kabla hujagusa, niambie mdomoni." Sheria hii moja, mdomo kabla ya kidole, ilibadilisha vipindi vyangu kuliko programu yoyote niliyowahi kupakua.

Na si mimi peke yangu niliyeliona hilo. Mwaka 2020 watafiti waliojumlisha tafiti nyingi za GraphoGame waliona kwamba, kwa wastani, mchezo wenyewe haukuongeza uwezo wa kusoma maneno. Faida ilionekana pale ambapo mtu mzima alishiriki kwa karibu na mtoto.

Akikosea, usikimbilie kumpa jibu. Iache programu imtamkie, kisha wewe uulize, "Umesikia nini mwanzo?" Akikosea sauti ileile mara ya tatu, simamisha. Iandike kwa mkono kwenye karatasi, aifuate kwa kidole huku akiitamka, kisha mrudi kwenye mchezo. Hasa *b* na *d*: kioo hakimfundishi mkono unaanzia wapi, na kwa wengi mkono ndio unaokumbuka.

Lipo pia suala la *l* na *r*. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi sauti hizi atakosa *kula* na *kura* siku zote, na programu itamhesabia kosa la kusoma ilhali ni la kusikia. Mpe mazoezi ya sikio, na kwenye usomaji usimhukumu kwa hilo. Zile programu zinazomsikiliza mtoto na kumpa nyota zina udhaifu huohuo: lafudhi ikiwa ngeni kwao, zinamwambia amekosea hata pale aliposoma sawasawa. Ukiwa pembeni, mwambie, "Umesoma vizuri, mashine haijakusikia." Watoto hufurahi sana kusikia kwamba mashine nayo hukosea.

Dakika 15 za kioo zikiisha, zima kifaa kwa dakika tano za mwisho. Zile silabi za leo zitokee kwenye karatasi, ndani ya maneno, kisha katika sentensi moja mliyoitunga pamoja. Asipoweza kuzisoma kwenye karatasi, hajazijua. Anazijua zikiwa na rangi ya kijani na muziki.

6. Kutoka silabi hadi hadithi

Maneno ya kubuni yakianza kumpitia bila kukwaruza, mpe hadithi. Kwa hadithi ya kusoma peke yake, kosa moja katika maneno ishirini ni sawa. Kosa moja katika kila kumi, soma naye. Zaidi ya hapo, tafuta nyepesi. Usiogope kumpa kitabu "cha wadogo", ila kichague vizuri: mtoto wa miaka kumi na moja hataki kusoma habari za mpira mwekundu wa Juma mdogo.

Njia ninayoitumia kwa wakubwa ni kumfanya yeye awe mwandishi. Anasimulia jambo lililomtokea, mimi nachapa maneno yake kama yalivyo, sentensi tano au sita, tunaweka picha, naye anajirekodi akisoma. Programu ya Bloom ya shirika la SIL hutengeneza vitabu vya namna hii bure, pamoja na sauti, lakini hata faili la kawaida la maandishi na kinasa sauti cha simu vinatosha. Atakisoma kitabu hicho mara nyingi kuliko chochote utakachompa.

Kinasa sauti hicho ndicho kifaa cha ufasaha pia. Mtafiti S. Jay Samuels aliandika mwaka 1979 kuhusu njia ya kusoma kifungu kilekile mara kadhaa mpaka kisomeke kwa mtiririko. Kifungu cha maneno 50 hadi 100 kinatosha. Mtoto anajirekodi mara ya kwanza, anasoma tena na tena siku hiyo na kesho yake, kisha anajirekodi tena akisoma mara ya nne. Msikilizishe zote mbili. Sijaona nyota wala kombe la kwenye skrini lililompa mtoto furaha kama kusikia sauti yake mwenyewe ya juzi ikijikwaa na ya leo ikitembea.

Vitabu vinavyojisomea vyenyewe, vile ambavyo neno hung'aa likitamkwa, ni vizuri kwa kukuza lugha na kwa yule mwenye shida ya ufahamu. Lakini mtoto akiachiwa hutazama picha. Mpangie: sikiliza ukurasa mmoja huku kidole kikifuata, zima sauti, usome mwenyewe ukurasa huohuo.

Jiandae pia kwa maneno marefu. Programu nyingi huishia kwenye *kalamu* na *baiskeli*, kisha kitabu kinamletea *wanaonisaidia*. Silabi nane! Watoto waliokuwa wakienda vizuri huanguka hapa, nao hudhani wamerudi nyuma. Mwonyeshe kwamba neno lina viungo: *wa-na-o-ni-saidia*. Funika mwanzo kwa kidole, aanze na mzizi anaoujua, *saidia*, kisha mfungulie kiambishi kimojakimoja kuelekea mwanzo: *nisaidia*, *onisaidia*, *naonisaidia*, *wanaonisaidia*. Sijapata programu inayofanya hivi vizuri, kwa hiyo nayafanya kwa vipande vya karatasi.

7. Pima kila wiki, dakika moja

Siku moja maalumu kwa wiki, mpe kifungu kipya cha kiwango chake, asome kwa dakika moja. Hesabu maneno sahihi, andika idadi na makosa. Usimlinganishe na mtoto mwingine. Mlinganishe na wiki iliyopita, na umchoree mstari aone unavyopanda.

Ripoti ya programu isome kwa tahadhari. "Amemaliza hatua ya 14" ina maana amemaliza hatua ya 14. Kipimo ni karatasi. Vikipingana, amini karatasi.

Mstari ukilala wiki tatu, usimwongezee dakika. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya pili utafute tundu ulilolipita. Mara nyingi ni sauti mbili au tatu tu. Ukishaziba, ukafanya naye kazi kwa mpangilio huu kwa miezi mitatu au minne na bado herufi zinamtoka kesho yake, tafuta mtaalamu wa mahitaji maalumu amchunguze. Huenda ni disleksia, na daftari lako la makosa litakuwa kitu cha kwanza atakachotaka kukiona.

8. Mwachishe kioo

Akisoma aya mpya kwa karatasi bila kushika kila neno kwa kidole, punguza. Siku tano ziwe tatu, kisha moja. Dakika zile zilizobaki ziwe za kitabu, wewe ukiwa palepale pembeni. Usiifute programu kwenye kifaa cha watu wote; wapo wanaoipenda, na akitaka kurudi kucheza hatua za zamani kwa raha zake, mwache. Mwaka jana mmoja wao alirudi hivyo, akavaa visikilizi, akacheza hatua ya *nya* yote bila kosa, akavivua na kumvalisha mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akisubiri zamu. "Mdomo kabla ya kidole," akamwambia.